Siku 32

Jana mwanangu alinikuta nikijaza fomu ya likizo ya mwaka ujao. "Mama, mbona mapema hivyo? Kwani likizo inaisha?"

Inaisha, mwanangu. Yangu ilishawahi kuisha.

Ni kwenye ile ofisi yangu ya kwanza, niliyoilalamikia vya kutosha. Miaka tisa. Mkuu wetu hakufunga kikao bila kusema sisi ni familia, nami niliamini kwa sababu nilitaka kuamini. Mauzo yakashuka, majina ya wa kupunguzwa yakapitishwa, langu likiwamo. Ijumaa mchana nikaitwa kwa afisa utumishi.

Kijana mpole. Alinisogezea karatasi akawa anafuata mistari kwa ncha ya kalamu: mshahara wa mwezi, notisi, kiinua mgongo. Akafika kwenye likizo. Siku zilizobaki: 47. Zinazolipwa: 15.

"Na hizi 32?"

"Zimepitwa na muda, dada. Hukuziomba."

Akabonyeza kikokotoo, akanigeuzia nione mwenyewe. 32. Mimi niliona mengine kwenye kile kioo. Tano za harusi ya mdogo wangu, niliyoifikia jioni watu wanatawanyika. Nne za wiki mtoto alipoanza shule. Nyingine sikumbuki hata nilimnyima nani. Na hakuna aliyenikatalia, hilo ndilo lililoniuma. Mkuu alikuwa akisema tu, "Tukimaliza hili utapumzika," nami narudi mezani nikijiona nguzo ya nyumba.

Nikasaini. Kalamu ilikuwa yao, nikairudisha.

Baadaye nilikuja kusoma Mkataba Namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1970. Kwa nchi zilizouridhia, likizo isipungue wiki tatu za kazi kwa mwaka, na makubaliano ya kuiacha, hata kwa malipo, yawe batili au yapigwe marufuku. Kumbe hata sadaka yangu ilikuwa batili!

Tangu hapo, ikigonga saa kumi na moja jioni kompyuta imefungwa. Nauza saa, wananunua saa, tumemalizana.

Ila kuna yule mzee wa stoo wa ofisi ile ya kwanza. Fomu ya makabidhiano ilihitaji saini yake, la sivyo malipo yangu yangengoja mwezi mwingine, na nilimkuta keshafunga. Akafungua tena. Tulihesabu vifaa mpaka saa mbili usiku, yeye kapiga magoti anatafuta chaja niliyodaiwa; akaipata nyuma ya kabati la mtu mwingine. Saa hizo hakuna aliyemlipa. Nikaanza kumshukuru, akanikatiza: "Nenda nyumbani, mwanangu. Umechelewa."

Sijui yeye nimweke kwenye hesabu gani.

Wiki iliyopita mfanyakazi mpya alikwama na ripoti. Saa kumi na moja na dakika tano, mkoba uko begani. Nilikaa naye mpaka saa moja.

Ile fomu ya likizo nimeijaza siku zangu zote, sikubakiza hata moja. Na yule mpya nimemwachia namba yangu, akikwama apige.