Nilivyopata sakafu, mapigo na njuga za kufundishia Bharatanatyam Dar es Salaam

Ushauri niliopewa mara nyingi kuliko wowote nilipoanza kufundisha Bharatanatyam, ngoma ya jadi ya kusini mwa India, hapa Dar ni huu: anza na nyimbo za sinema za Kihindi, watoto wakishanogewa ndipo uwaletee mambo magumu. Naukataa kabisa. Mtoto aliyezoea kuchezesha kiuno kwa wimbo wa sinema huja na magoti yanayotazama mbele, na ngoma hii yote imejengwa juu ya magoti yanayotazama kando. Kumwachisha ni kazi ndefu kuliko kumfundisha asiyejua kitu.

Wangu huanza na araimandi, yaani kukaa nusu: visigino karibu vigusane, vidole vya miguu vimeelekea kulia na kushoto, magoti yamekunjwa, mgongo wima. Kufunguka huko kunatoka nyongani. Ambaye nyonga zake hazifunguki sana namwacha afungue kidogo, ila goti likae juu ya kidole cha pili cha mguu. Mwalimu anayesukuma magoti ya mtoto kwa mkono anamuumiza. Wayo umeganda chini, nyonga imekataa, kwa hiyo msokoto wote unaishia gotini.

Lakini kabla ya araimandi kuna sakafu, na hapo ndipo nilipopigana vita vyangu vikubwa. Vyumba vingi vya kukodi hapa ni vigae juu ya zege. Hatua za kwanza kabisa, tattadavu, ni kupiga wayo mzima chini, na kila hatua hurudiwa kwa kasi tatu, ya pili mara mbili ya kwanza, ya tatu mara mbili ya pili. Hesabu mwenyewe mapigo ya saa moja. Juu ya zege, ugoko huanza kuuma ndani ya wiki chache, kisha magoti. Wapo wanaojibu kwamba mahekalu ya Tamil Nadu, jimbo la India ngoma hii ilikotoka, yana sakafu za mawe. Ni kweli, lakini mwanafunzi wangu ameshinda na viatu vya shule kutwa nzima, anakuja kwangu mara mbili kwa wiki, na miguu yake haijakomaa kwa jiwe.

Jaribio la kwanza lilikuwa plaiwudi ya milimita 12 juu ya sponji la godoro la unene wa sentimita 5. Kwa macho ilipendeza. Mtu akipiga mguu, ubao ulizama chini yake na kuinuka kwa jirani. Sauti ikawa "bu" badala ya "pa", na sauti ya wayo ndiyo mwalimu anayoisikiliza ili ajue kama mguu umefika wote au umefika kisigino tu. Kifundo cha mguu kikawa kinatafuta pa kusimama kila pigo, na hapo ndipo watu wanapoteguka. Baada ya miezi miwili hivi sponji lilikuwa limelala kabisa mahali pa safu ya mbele, pembeni bado limevimba. Sponji linameza nguvu ya mguu, halirudishi kitu.

La pili lilikuwa mikeka ya mpira, ile ya vyumba vya mazoezi. Hiyo hainyumbuki vibaya, lakini inang'ang'ania. Mguu mtupu wenye jasho ukitaka kuzunguka unabaki pale pale, mwili unaondoka, na goti linalipa. Ngozi ya nyayo nayo ilichubuka.

Sakafu niliyo nayo sasa naionea fahari, na imekaa juu ya kandambili. Chini kabisa ni karatasi ya nailoni, kwa sababu masika zege linatoa unyevu. Juu yake ni mbao za mbili kwa mbili, zimepakwa dawa ya mchwa, mistari 13 yenye nafasi ya sentimita 40 hivi katikati. Chini ya kila mbao, kila sentimita 40, nimegundisha kipande cha kandambili cha sentimita 7 kwa 7, tabaka mbili. Jumla ni vituo 169, kwa hiyo vipande 338. Kandambili moja hutoa vipande viwili vizuri, maana kisigino hukitumii, kimeshakandamizwa na mwenyewe. Nilihitaji pea zaidi ya 80. Nilizikusanya kwa majirani na kwa mafundi viatu, nikazipanga kwa unene kabla ya kukata. Usiruke hatua hiyo, kwa sababu vituo visipolingana mbao inapiga kelele na kuchezacheza. Nilitumia kandambili kuukuu kwa makusudi. Mpya hupungua unene baada ya muda, kuukuu imeshapungua.

Juu ya mbao ni plaiwudi ya milimita 9, tabaka mbili, vipande 8 kila tabaka. Vipande vya futi 8 kwa 4 vikipangwa viwili kwa vinne vinatoa mraba wa mita 4.88, unaotosha wanafunzi 10 wakinyoosha mikono. Tabaka la juu lianze na nusu kipande ili maungio yasikutane na ya chini. Acha sentimita moja na nusu kati ya ubao na ukuta, ubao unavimba wakati wa mvua. Tumia skrubu, si misumari: nyumba ni ya kukodi, siku ukihama unafungua na kuondoka na sakafu yako. Vichwa vya skrubu vizame, msasa namba 120 upite kote, na usipake vanishi ya kung'aa, jasho likidondoka inateleza. Plaiwudi ndiyo iliyokula pesa, milioni na kitu hivi. Vingine vyote vilikuwa chenji.

Baada ya sakafu, mapigo. Adi tala, mzunguko wa mapigo unaotumika sana, ina mapigo 8, 4 na 2 na 2, yanayohesabiwa kwa mkono: kofi, kidole kidogo, cha pete, cha kati, kofi, geuza kiganja, kofi, geuza kiganja. Hilo watoto hulishika siku moja. Kinachowashinda ni kugawa mapigo kwa 3, 5, 7 na 9. Silabi za asili ni hizi: takita kwa 3, takadhimi kwa 4, taka takita kwa 5, takita takadhimi kwa 7, takadhimi taka takita kwa 9. Kwa mtoto wa hapa ni sauti tupu. Nikawapa chakula. Chapati ni 3, maharage ni 4, ndizi ni 2. Kwa hiyo 5 ni ndizi chapati, 7 ni chapati maharage, na 9 ni maharage ndizi chapati. Hesabu iliyokuwa inawaliza ikawa wimbo. Chagua maneno kwa uangalifu: ndizi ni silabi mbili, lakini mchuzi ni tatu kwa kuwa m inasimama peke yake, na watoto hugombana juu ya hilo.

Tatizo lilijitokeza wiki ya pili. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: chaPAti, mahaRAge. Takita na takadhimi uzito wake uko mbele. Darasa zima likawa linapiga mguu kwenye PA na RA, yaani limechelewa, na kila mtu anaamini yuko sawa. Dawa yake ni fimbo: piga ubao kwenye CHA na MA, wao watamke huku wakikanyaga hapo hapo. Chakula kiondolewe mapema, warudi kwenye takita, la sivyo mkazo wa Kiswahili unahamia miguuni.

Fimbo na ubao wake, tattukazhi na tattumanai, nilichongesha kwa seremala kutoka mabaki ya mninga. Mwambie auchimbe ubao kwa chini kidogo, ukiwa mzito wote sauti haitoki.

Lugha ya nyimbo haikunisumbua kama nilivyotishwa. Maneno mengi ya varnam na padam, nyimbo zinazochezewa ngoma hii, ni Kitamili, Kitelugu au Kisanskriti, na familia nyingi za Kihindi hapa ni Wagujarati, kwa hiyo mtoto wa Upanga na mtoto wa Temeke wanaanzia mahali pamoja. Nawaeleza kwa Kiswahili. Sakhi, rafiki wa kike ambaye mwanamke wa kwenye wimbo humtuma kwa mpenzi wake, ni shoga wa kupeleka salamu, na mtu aliyekulia kwenye taarab haulizi mara mbili kwa nini mwanamke haendi kusema mwenyewe.

Njuga huja mwisho, hatua zikishatoka safi kwa kasi ya tatu. Zikivaliwa mapema mwanafunzi husikiliza mlio akasahau wayo. Huku naagiza kwa wasafiri, bei inategemea unene wa mzigo na wema wa msafiri. Ngozi yake hukakamaa kwa jasho na kuota ukungu masika, kwa hiyo zikauke kivulini, kamwe zisifungiwe mfukoni zikiwa mbichi. Shaba isafishwe kwa limao na majivu, ngozi isiguswe na limao. Njuga zikilegea fundi viatu anaziweza, ila atataka kuzishona kwa uzi mmoja safu nzima. Mkatalie. Kila njuga na fundo lake, uzi wa nailoni uliokunjwa mara mbili. Uzi mmoja ukikatika katikati ya tillana, ngoma ya kasi ya kufungia onyesho, safu nzima inamwagika sakafuni, na kuna miguu 20 mitupu inayokuja juu yake.