Ninavyorekodi raia waliouawa na mabomu ya ndege Darfur

Mashahidi wangu wengi wa Darfur, magharibi mwa Sudan, nawapata kwa simu, nikiwa Kampala. Kila shambulio nalifungulia faili lake, nikianza na saa, mahali na majina. Idadi ya vifo huja mwisho.

Saa huvuruga kuliko kitu chochote. Sudan iko nyuma yetu kwa saa moja, na Chad, walikokimbilia watu wengi wa Darfur, iko nyuma kwa saa mbili. Video niliyoipokea saa 8:10 mchana imetoka Adré, mji wa Chad mpakani na Sudan, saa 6:10, wakati Sudan ni saa 7:10. Basi kwenye faili naandika saa za UTC tu, yaani saa ya kimataifa inayohesabiwa kuanzia usiku wa manane: 11:10. Asiyekuwa na saa namuuliza kwa adhana: ndege ilipita kabla ya Adhuhuri au baada yake?

Shambulio la sokoni ndilo gumu zaidi. Kabkabiya, tarehe 9 Desemba 2024, na Tora, tarehe 24 Machi 2025, zote za Darfur Kaskazini, zilipigwa Jumatatu, siku ya soko. Wauzaji na wanunuzi hutoka vijiji vya jirani, na kila kijiji huchukua maiti zake, kwa hiyo jina moja laweza kuingia kwenye orodha mbili. Kuna pia majeruhi anayefariki siku kadhaa baadaye. Asipofutwa kwenye orodha ya majeruhi, anahesabiwa mara mbili. Jina naliandika kwanza kwa herufi za Kiarabu, likiwa na la baba na la babu, kisha umri, kijiji na aliyenipa taarifa. Kwa herufi za Kilatini, Mohamed, Muhammad na Mohammed wanageuka marehemu watatu. Miili isiyotambuliwa naiwekea kima cha chini na cha juu. Sikisii, kwa sababu hesabu iliyotiwa chumvi mara moja huwapa waliorusha bomu kisingizio cha kuwakana hata wale wenye majina.

Video naomba itumwe kama dokumenti. Ikipitia WhatsApp kama video ya kawaida hubanwa na kupoteza taarifa zake za ndani. Kabla ya kuifungua natoa alama yake ya SHA-256, msimbo unaobadilika faili likiguswa hata kidogo, na kuweka nakala isiyoguswa. Halafu nalinganisha mnara wa msikiti, miti na mabati ya vibanda na picha za setilaiti. Za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, ni za bure na hupigwa kila baada ya siku 5 hivi, ila pikseli moja ni mita 10: soko lililoungua linaonekana kama doa jeusi, shimo la bomu la mita 4 halionekani. Msimu wa mvua mawingu hufunika mengi.

Aliyeko eneo la tukio namwomba apige picha ya shimo kutoka pande zote, akiweka kalamu, ili ukubwa uonekane, karibu na kila kipande cha bomu chenye namba. Bomu ambalo halijalipuka asilisogelee, hata kwa picha moja.

Ruhusa naiomba mara tatu: kuhifadhi, kuwapa wachunguzi, kuchapisha. Wengi hukubali mbili za kwanza na kukataa ya tatu. Majina ya mashahidi yanakaa kwenye faili lingine lenye nywila yake. Watoto siwahoji.