Maji umeyachora yamejaa

Leo siku ya tano na bado nayasikia. Nikiwa nafua, nikiwa ndani ya daladala, hata kwenye sala, Mungu anisamehe, sauti ya yule babu inarudi vilevile, taratibu, bila ukali: "Mwanangu, maji umeyachora yamejaa. Yakitoka je?"

Banda la sinema ninalolichora kwa ajili ya Chwaka, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, mnalijua, nimekuwa nikilieleza hapa tangu Ramadhani. Watu sitini, makuti juu, boriti za mikandaa, skrini imesimama ufukweni na ghuba yote iko nyuma yake. Jumamosi, siku moja baada ya kumwozesha mdogo wangu, tuliipeleka michoro kwa wanakijiji. Mikono yangu ilikuwa bado na piko.

Tulizitandaza karatasi barazani. Vijana waliuliza kama na mpira utaonyeshwa, kina mama wakauliza habari za choo, na yote yalikuwa na majibu. Babu, yule fundi wa ngalawa, hakusema kitu mpaka wenzake walipoanza kusimama. Ndipo akakiweka kidole juu ya buluu ya bahari, ile niliyoipaka kwa mkono wangu kwa siku mbili, ikigota hadi chini ya sakafu ya banda, na mwezi mpevu juu yake. Akasema hayo aliyoyasema. Nami nikajibu haraka mno: "Siku za kuonyesha tutazipanga kwa kufuata maji, babu."

Akanitazama. "Haya," akasema. Akachukua bakora yake akaenda kusali alasiri.

Ile "haya" ndiyo inayoniuma. Angenibishia ningemjibu. Angecheka ningecheka naye. Lakini ilikuwa "haya" ya mtu mzima anayemwachia mtoto jambo lake, akijua litamfundisha lenyewe. Nimeirudia kichwani kwa kila namna. Safari moja nakaa kimya, namwuliza yeye yangetoka ingekuwaje. Safari nyingine namfuata mpaka mlango wa msikiti. Halafu namkuta tena barazani, kidole juu ya buluu, nami najibu yaleyale.

Usiku ule nilifungua jedwali la maji, kitu ambacho nilipaswa kukifanya kabla ya kushika penseli. Siku za bamvua, za maji makubwa, ambazo ndizo za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kwetu Unguja maji hujaa saa kumi, kumi na moja za alasiri, na hufika mwisho wa kupwa mnamo saa nne, saa tano usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa inazidi mita 3. Maana yake, filamu ikianza saa moja na nusu bahari imeshaanza kuondoka, na ikimalizika mbele ya watu pana mchanga, majani ya bahari na madimbwi. Siku za maji mafu, za nusu mwezi, ndiyo, hujaa usiku, lakini hayapandi vya kutosha kufika chini ya sakafu yangu. Mimi nimechora mwezi mpevu na bahari tele saa tatu za usiku. Usiku kama huo Chwaka haujapata kuwako.

Ukutani kwangu kuna picha ya ile sinema ya kuelea ya msanifu majengo Ole Scheeren, Thailand, 2012. Nimeipenda miaka yote kwa sababu ya uso wa maji, skrini na miamba. Nilikuwa sijaiona vizuri. Lile chelezo liliundwa kwa ufundi wa wavuvi wa kule, wa vizimba vyao vya kufugia kamba-mawe, nalo linaelea. Maji yakishuka, watu nao wanashuka. Mimi nilichukua sura yake nikaisimamisha juu ya nguzo.

Jana, Jumatano, nilibaki Chwaka usiku. Mtoto wa ami alinisindikiza, tukakaa mchangani tangu magharibi, palepale penye sakafu ya banda. Maji yalikuwa yakienda bila kelele. Huoni yakiondoka, ila kila ukitazama kuna ngalawa nyingine imekaa juu ya mchanga. Ilipofika saa tatu sauti ya mawimbi ilikuwa mbali sana, na mahali pake pakawa na sauti ndogo ndogo, za kaa, za maji yanayochuruzika kwenye majani. Mwezi umo ndani ya kila dimbwi. Kisha tochi zikaanza kutoka kijijini, moja, mbili, nne, watu wanakwenda kutafuta kitoweo. Walipita mbele yetu wakatuamkia, wakaendelea mpaka tochi zikawa nukta. Tulizitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuitazama filamu yoyote.

Nikalia kidogo. Sijui ni furaha au nini.

Nimerudi nyumbani saa sita usiku na sijalala. Skrini nimeitoa mbele ya bahari. Nimeiweka upande wa kaskazini, kwenye mivinje, ili bahari iwe mkono wa kulia wa watazamaji na mwezi ukitoka mashariki uipitie ubavuni, usiipige usoni. Na haisimami tena kama ukuta. Ni kitambaa kwenye foromali, ule mti wa kubebea tanga, kinapandishwa kwa henza, kamba yake, kama tanga, kinashushwa kaskazi ikivuma kwa nguvu, na kinashushwa filamu ikimalizika. Upande wa maji nimechora baraza ndefu ya chini, isiyo na ukuta, na ngazi tatu pana za kushukia mchangani. Nimeipima baraza ile kwa mtu anayengoja: giza letu linaingia upesi, lakini baina ya magharibi na wakati kitambaa kinaanza kuonyesha sawasawa kuna nusu saa hivi, na hiyo nusu saa sasa ina mahali pa kukaa. Na buluu nimeifuta. Nimechora madimbwi, na tochi nne.

Ofisini wanasema mfadhili ameipenda ile picha ya kwanza, na Jumatatu wanaitaka. Nitaipeleka hii. Kwa babu nitakwenda kabla ya hapo, nikaombe anifundishe henza inafungwaje, na safari hii akisema kitu sitajibu haraka.

Kaka hajapiga simu kutoka Muscat, wiki ya pili sasa. Mama anasema kazi zimemzidi, lakini nilipoingia usiku nilimkuta amelala na simu mkononi, taa inawaka.