Jumanne ya Juma Kuu, bandarini Mombasa

Somo: Isaya 58:1-7

Wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo.

Jumamosi tarehe 7 Aprili 1498, merikebu za Wareno zilitia nanga nje ya bandari ya Mombasa. Mkuu wao alikuwa Vasco da Gama, na kesho yake ilikuwa Jumapili ya Matawi. Walikuwa wamesikia njiani kwamba mjini kuna mtaa wa Wakristo. Wakazipamba merikebu kwa bendera, wakafurahi: kesho tutashuka, tutasali Misa na ndugu zetu. Mimi naielewa furaha hiyo. Tangu Julai ya mwaka uliotangulia walikuwa hawajaiona Lisbon, na wengine walikuwa wagonjwa. Mfalme wa Mombasa naye hakuwapokea vibaya. Aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa.

Haya yote tunayajua kwa sababu mmoja wa watu waliokuwamo aliandika habari za safari siku kwa siku. Kalamu yake haipepesi macho, na hilo ndilo lililonifanya nimlete kwenye tafakari ya wiki hii.

Misa haikupatikana. Watu wawili walioteremshwa mjini walipelekwa kwa wafanyabiashara wawili walioambiwa ni Wakristo. Yaelekea walikuwa Wahindu kutoka Bara Hindi. Kisha ikaja Jumanne. Merikebu zilipojaribu kuingia bandarini, ya mkuu ilikataa kugeuka, ikaisogelea iliyokuwa nyuma yake, nanga zikatupwa haraka. Katika purukushani hiyo marubani waliochukuliwa Msumbiji wakajitosa majini. Da Gama akashuku kuna mtego. Usiku ule akawahoji watu wawili wa Msumbiji waliokuwa bado melini, kwa kuwadondoshea mafuta yanayochemka juu ya ngozi, mpaka wakasema kwamba Wareno wangekamatwa wakishaingia bandarini, kulipiza waliyoyafanya Msumbiji, ambako walikuwa wamepiga mizinga. Walipotaka kumtesa tena mmoja wao, alijitupa baharini mikono ikiwa imefungwa. Wa pili akafanya vivyo hivyo zamu ya alfajiri.

Majina yao hayakuandikwa.

Sasa tazameni kalenda. Ni Jumanne ya Juma Kuu. Wale mabaharia walijua vizuri wako juma gani. Ndiyo maana Jumamosi walikuwa na hamu ya Misa. Matanga yao yalikuwa na msalaba mkubwa mwekundu, na merikebu mbili ziliitwa kwa majina ya malaika wakuu, Gabrieli na Rafaeli. Kabla ya kung'oa nanga kule Lisbon walikuwa wamekesha wakisali. Na katika juma lile ambalo Kanisa linamkumbuka Mtu aliyefungwa kamba, akahojiwa usiku, akapigwa ili aseme, wao walikuwa na watu wawili waliofungwa kamba, wanahojiwa usiku, wanachomwa ili waseme. Hawakumtambua Bwana pale sitahani.

Ijumaa Kuu wakaondoka kuelekea Malindi. Jumamosi Kuu alfajiri wakaifukuza mashua moja na kuikamata, ikiwa na wanaume 17, akiwamo mzee mmoja mtu wa heshima pamoja na mke wake kijana. Pasaka ikawakuta nje ya Malindi, na mateka wako chini ya ulinzi wao.

Mtu anaweza kusema, lakini hofu yao ilikuwa ya kweli. Ni sawa. Usiku uleule walikuja waogeleaji kukata kamba za nanga, kwa hiyo adui alikuwapo. Sisemi da Gama alikuwa mwendawazimu. Ninachosema ni kigumu zaidi: alikuwa muumini mwenye hofu, na hofu ilipopanda, imani ikabaki kwenye tanga. Na ukishavuka mstari mara moja, mara ya pili hauoni mstari wowote. Katika safari yake ya pili, mwaka 1502, aliichoma moto meli iliyokuwa ikiwarudisha mahujaji kutoka Makka, yenye mamia ya watu, wanawake na watoto wakiwamo.

Isaya 58 inawaongelea watu wa namna hii hasa. Si wapagani. Ni watu wanaomtafuta Mungu kila siku, wanafunga, wanamuuliza kwa nini hajibu. Bwana anawajibu kwamba siku ileile ya kufunga kwao wanawalemea wafanyakazi wao, wanagombana, wanapigana ngumi. Kisha anawaambia saumu anayoitaka: kufungua vifungo, kulegeza kamba, kuwaacha huru walioonewa. Ukiisoma ukiwa na ile Jumanne ya Mombasa akilini, neno "kamba" linauma.

Ni rahisi kumhukumu Mreno wa miaka zaidi ya 500 iliyopita. Lakini mtaani kwetu kibaka akikamatwa na simu ya mtu, nani anamzunguka? Wamo waliotoka ibadani na Biblia kwapani. Mtu anaulizwa "wenzako wako wapi?" huku anapigwa, na jibu lolote linatosha ili mradi kipigo kiwe na sababu. Baadaye tunasema ni "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba wananchi hao wanaabudu kanisa jingine. Na ndani ya nyumba zetu, asubuhi ya Jumapili, binti wa kazi anatukanwa mbele ya watoto kwa sababu nguo za kanisani hazijapigwa pasi, halafu tunaimba njia nzima. Yeye ndiye anayebaki nyumbani kupika. Ibada yake ni saa ngapi? Wengi wetu hatujawahi kumuuliza.

Kwa hiyo wiki hii naomba jambo moja. Jioni moja, kila familia isome Isaya 58 yote kwa sauti, na anayefanya kazi nyumbani aitwe aketi na wengine, asije akasimama mlangoni. Mkifika mstari wa tatu msiupite haraka. Mwulizeni ana la kusema, na akisema, mwenye nyumba asijitetee. Jumuiya zitakazokutana Alhamisi zizungumzie pia swali hili: yule kijana aliyepigwa mtaani mwetu, nani kati yetu anajua hali yake sasa, na nani atakwenda kumwona?