Kabati la Ripoti na Daftari la Mama Katibu

Siku ya kwanza nilikabidhiwa ufunguo wa kabati. Mratibu wa mradi aliniambia, "Maarifa yetu yote yamo humo, dada, karibu sana," kisha akawahi kikao. Ndani mlikuwa na ripoti 64, nyingine zimeliwa na mchwa pembeni, na flashi 5 zilizofungwa pamoja kwa mpira. Flashi mbili hazikufunguka. Kati ya ripoti zote hizo, zilizoandikwa kwa Kiswahili zilikuwa tatu.

Nilikuwa nimemaliza stashahada ya ukutubi na uhifadhi wa nyaraka pale Bagamoyo, na mwaka mzima ulikuwa umepita nikituma maombi ya kazi. Shirika hili dogo la Morogoro lilitangaza nafasi ya kujitolea ya miezi 10: kusimamia maarifa na kuratibu ushirikiano na wabia wa nje ya nchi. Posho ilitosha nauli na chakula cha mchana. Mama yangu aliniuliza, "Sasa maarifa yanasimamiwaje, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Tangu hapo wadogo zangu kadhaa wanaofikiria kujitolea wameniuliza swali hilohilo, ndiyo maana naandika.

Mradi wenyewe ulihusu kilimo shadidi cha mpunga katika skimu moja ya umwagiliaji wilayani Mvomero, chini ya milima ya Nguru. Kilimo hiki kina safari ndefu. Kilianzia Madagascar, ambako padri Mjesuiti kutoka Ufaransa, Henri de Laulanié, alifanya kazi na wakulima kwa miaka mingi hadi mwaka 1983 alipoona faida ya kupanda miche michanga sana. Mche hung'olewa kitaluni ukiwa na siku 8 hadi 12, hupandwa mmoja mmoja kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, na jaruba, yaani kipande cha shamba la mpunga, halijazwi maji muda wote: linaloweshwa, linaachwa likauke mpaka udongo uanze kupasuka, linaloweshwa tena. Mbegu inayotumika ni kidogo sana ukilinganisha na kupanda kwa mazoea, na maji hupungua. Mche uliohamishwa ungali mchanga huwahi kushika na kutoa machipukizi mengi. Ukichelewa, nafasi hiyo haipatikani tena msimu ule.

Nimeeleza siku za mche kwa makusudi, kwa sababu habari yote iliyobaki inazunguka hapo.

Miezi miwili na nusu ya mwanzo niliitumia vibaya. Niliifanya kazi kama nilivyofundishwa chuoni: nikaorodhesha kila ripoti, nikaipa namba, nikatengeneza jedwali kubwa la kompyuta lenye safu 18, nikaskani hata orodha za mahudhurio. Lilipendeza. Nililionyesha kwenye kikao cha Jumatatu, wote wakapiga makofi, na baada ya hapo hakuna aliyelifungua. Afisa ugani aliyekuwa akifika ofisini kwetu mara kwa mara aliendelea kuuliza kwa mdomo: "Hivi ule mradi wa kwanza walifundisha nini kuhusu palizi?" Jibu lilikuwamo kwenye jedwali langu, ila yeye alikuwa mlangoni na kofia ya pikipiki mkononi. Alihitaji mtu wa kumjibu palepale.

Hata hivyo kusoma ripoti zote kulinipa kitu kimoja. Niligundua kwamba miradi mitatu ilikwishapita kwenye bonde lile, kila mmoja na wafadhili wake, na yote ilihitimisha kwa maneno yanayofanana: wakulima wengi wanarudi kupanda kwa mazoea baada ya mradi kuisha, kwa hiyo inapendekezwa wapewe mafunzo zaidi. Mradi uliofuata ukawapa mafunzo zaidi. Na sasa mbia wetu wa Ulaya alikuwa ameandaa andiko jipya la mradi, lenye shamba darasa jingine na semina nyingine, na mimi ndiye niliyetakiwa kukusanya ushahidi wa kuliunga mkono.

Nikaomba kwenda kijijini kwanza. Mratibu alikubali, na namshukuru, maana nauli ile haikuwa kwenye bajeti.

Kikao cha kwanza na kikundi cha wakulima hakikwenda vizuri. Nilikuja na dodoso lenye maswali 40. Nilipofika swali la sita, mzee mmoja alisema kwa upole kabisa, "Binti, haya tumeshaulizwa. Waliokutuma wewe uje kutuuliza, hawakuambiwa tulivyojibu?" Nilifunga karatasi. Nilijua majibu yake yako wapi: kabatini, kwa Kiingereza, kilomita nyingi kutoka pale alipokuwa amekaa.

Nilibaki kusaidia kukusanya vikombe vya chai, na hapo mama katibu wa kikundi akaniita pembeni. "Mwanangu, wewe unatafuta maandishi. Njoo nyumbani uone." Alitoa kaunta buku iliyofunikwa kwa gazeti. Kwa misimu sita alikuwa ameandika, kwa kalamu ya bluu, shamba la kila mwanakikundi: tarehe ya kusia mbegu kitaluni, tarehe maji yalipofika shambani, tarehe ya kupanda, gunia zilizotoka. Hakuna aliyemtuma. Alianza, aliniambia, kwa sababu watu walikuwa wakigombana kuhusu zamu ya maji na kila mmoja anakumbuka anavyotaka.

Tulikaa naye siku mbili. Yeye alisoma tarehe, mimi nikahesabu siku kati ya kusia na kupanda. Mashamba yaliyo karibu na banio la maji yalipandwa miche ya siku 10 au 11, kama mafunzo yanavyotaka. Mashamba ya mwisho wa mfereji yalipandwa miche ya siku 20, nyingine 26, kwa sababu maji hayakuwa yamefika. Mkulima wa chini alisia siku moja na wenzake wa juu, kama alivyofundishwa, kisha akakaa akiutazama mche ukizeeka kitaluni. Unapanda mche wa siku 25 mmoja mmoja, kwa nafasi kubwa, halafu unashangaa kwa nini shamba halikujaa? Waliorudi kwenye mazoea walikuwa na akili timamu. Kwa mche uliokomaa kiasi kile, kupanda mitatu minne kwa shimo ndiko kulikowapa chakula.

Nilipomwonyesha hesabu, mama katibu alinyamaza kidogo, akasema, "Hili sisi tunalijua. Hatukujua kwamba nyie hamlijui."

Sentensi ile niliiandika ukurasa wa kwanza wa daftari langu, na ndiyo iliyonionyesha kazi yangu ni ipi. Miradi mitatu ilikuja na elimu kutoka mbali, elimu nzuri, iliyothibitishwa, na haikuwa na mahali pa kuweka elimu iliyokuwapo tayari. Maarifa ya bonde lile yalikuwa kwa watu: kwa mama katibu, kwa mgawa maji, kwa bwana shamba mmoja aliyekwisha hamishwa. Ukitaka kuyasimamia, kaa nao kabla hawajahama, kabla hawajafariki, kabla hawajachoka kuulizwa.

Jedwali langu nililiacha. Badala yake nilianza mambo mawili madogo. Kila shughuli ikiisha, tulikaa nusu saa na wahusika na kujibu maswali manne: tulitegemea nini, kimetokea nini, kwa nini vimetofautiana, msimu ujao tubadili nini. Majibu yaliandikwa kwa Kiswahili, yasizidi ukurasa mmoja, na nakala ikabaki ofisi ya kijiji. La pili, kila mtaalamu aliyekuwa anaondoka nilimwomba saa moja na nusu ya mazungumzo, nikamrekodi kwa simu kwa idhini yake. Bwana shamba aliyehamishwa alinipokea vizuri mno. Alisema kwa miaka yote aliyokuwa kule hakuna aliyewahi kumuuliza yeye alijifunza nini.

Upande wa ushirikiano ulikuwa mgumu zaidi kwangu. Nilitakiwa kumwandikia mbia kwamba andiko lake halilingani na tatizo. Mimi, mjitoleaji wa miezi minne! Niliandika rasimu tatu. Ya mwisho ilikuwa fupi: picha za kurasa mbili za kaunta buku, kwa idhini ya kikundi, tafsiri ya vichwa vya safu, na ombi kwamba sehemu ya fedha za semina igharamie vikao vya kupanga upya zamu ya maji na kusia kwa awamu, ili mkulima wa chini asie baadaye kulingana na siku yake ya maji. Walichukua wiki tatu kujibu, wiki ambazo sikulala vizuri. Kisha wakakubali, na wakauliza maswali ya maana kuliko yote niliyowahi kuyaona kutoka kwao. Nilichojifunza pale ni kwamba mbia wa mbali mara nyingi hana kitu kingine cha kushika isipokuwa kile unachompelekea. Ukimpelekea picha za watu wanaotabasamu, atapanga kwa picha hizo.

Kwenye hati mpya ya makubaliano niliomba kifungu kimoja kiongezwe, na nilikipigania: kila ripoti iwe na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, usomwe kwenye mkutano wa kijiji kabla ripoti haijapelekwa kwa mfadhili, na daftari la kikundi libaki mali ya kikundi.

Kupitia mbia huyo tuliunganishwa pia na wakulima wa Mwea, katika kaunti ya Kirinyaga nchini Kenya, ambako kilimo hiki kilianza kujaribiwa mwaka 2009 kikiongozwa na Profesa Bancy Mati. Nilipanga mazungumzo ya simu ya video, wakulima wa pande zote mbili, bila wataalamu kuongoza. Mtandao ulikatika mara nne. Lakini mgawa maji wetu na mwenzake wa kule waliongea karibu saa nzima kuhusu zamu, na kuhusu mashine ya kupalilia ya kusukuma kwa mkono inavyokwama kwenye udongo mzito wa mfinyanzi. Maji yakipunguzwa jarubani magugu hujitokeza, na palizi ndiyo inayowachosha watu, hasa kina mama. Kiswahili cha Mwea na cha Mvomero kinatofautiana, walicheka, wakaelewana.

Tarehe 12 Septemba Umoja wa Mataifa huadhimisha siku ya ushirikiano wa nchi za Kusini, yaani nchi zinazoendelea, kwa kumbukumbu ya mpango uliopitishwa Buenos Aires siku hiyo mwaka 1978 na nchi 138. Ofisi iliniomba makala fupi. Niliandika kuhusu njia iliyotoka Madagascar ikafika Mvomero na Mwea, na kuhusu kaunta buku. Kabla ya kuituma niliisoma kwa sauti kwenye kikundi. Mama katibu alinisahihisha tarehe mbili.

Wiki mbili za mwisho nilikaa na kijana aliyepokea kazi yangu. Sikumwachia faili la makabidhiano peke yake. Tulikwenda naye kijijini mara tatu, nikamtambulisha nyumba kwa nyumba, na safari ya tatu nilinyamaza, akauliza yeye.

Msimu huu mama katibu amenitumia picha kwa simu. Ni kaunta buku mpya, imefunikwa kwa kalenda ya zamani. Safu zimeongezeka moja, iliyoandikwa "siku za mche," na chini yake, kwenye mistari ya mashamba ya mwisho wa mfereji: 11, 12, 10, 14, 12. Ile 14 ameizungushia duara, na pembeni ameandika jina la wa kumuuliza.