Siku moja maishani mwangu: mlango wa dereva, Chevrolet ya 1929

Saa 1 asubuhi. Kabla ya kushika chombo chochote, naufungua mlango wa dereva hadi nusu na kuuachia. Mlango ulioning'inizwa sawasawa hutulia pale ulipoachwa. Huu unarudi wenyewe, polepole, mpaka ukingo wa chini unakwaruza kizingiti. Jana jioni nilikuwa nimejiaminisha kwamba kazi ya bawaba imekwisha.

Gari ni sedani yenye bodi ya Fisher, kampuni iliyounda bodi za Chevrolet. Wengi wakiliona bati hudhani bati ndilo linalobeba kila kitu, kumbe ndani yake kuna mifupa ya mbao ngumu, imeunganishwa kwa ndimi na skrubu, na bati limepigiliwa misumari juu yake. Dodge walikuwa na bodi za chuma tangu 1914, lakini Chevrolet ziliendelea na mbao hadi katikati ya miaka ya 1930. Mifupa ya gari hili ilikuwa imeoza, kwa hiyo nimeichonga upya karibu yote, kipande kwa kipande, nikitumia vile vya zamani kama vielelezo.

Saa 2. Kijana ninayemfundisha kazi anapima nafasi kati ya mlango na fremu. Juu, upande wa bawaba, ni milimita 5. Juu, upande wa kitasa, ni 11. Ananitazama.

"Fundi, tukiizamisha bawaba ya juu milimita 5 ndani ya nguzo, si mlango utapanda?"

Utapanda, nami namwambia hivyo. Hesabu yake ni sahihi. Lakini tutakuwa tumeilazimisha bawaba ifiche kosa lililo mahali pengine, tena kwa kuila nguzo pale pale inapobeba uzito wote. Pini za bawaba ni mpya na hazichezi. Basi tutafute kosa liko wapi.

Tunapima kona kwa kona, kimshazari. Kwenye mlango wenyewe vipimo viwili vinalingana, hivyo viungo vyake havijalegea. Kwenye uwazi wa mlango vinapishana milimita 6. Mlango ni mzima. Nguzo ya bawaba ndiyo imelala kwa nyuma.

Saa 4. Niko chini ya gari na tochi. Bodi ya namna hii hukaa juu ya chesisi kwa bolti, na kwenye kila bolti kuna kipande cha kupandishia. Chini ya nguzo yetu kipande kimekandamizwa kikawa chembamba kuliko vingine vyote. Nalegeza bolti za upande mzima, maana ukilegeza moja tu mbao haina pa kwenda, kisha nainua kidogo kwa jeki na kusukumia mpira mgumu wa milimita 3. Milimita 3 chini ya nguzo zimetoa karibu milimita 6 upande wa kitasa, kwa kuwa mlango wenyewe ni mrefu kuliko umbali wa bolti hadi bolti. Kijana anaufungua nusu, anauachia. Umetulia! Anaurudia mara tatu, nami simkatizi.

Saa 5 hadi saa 7. Hapa ndipo siku ilipokwenda. Nguzo ni mpya, lakini mbao moja ya mlango ni ile ya awali, niliyoihifadhi kwa sababu ilikuwa nzima isipokuwa kwenye matundu ya skrubu. Kutu ya skrubu huila mbao inayoizunguka, ikawa nyeusi na laini, na skrubu mpya humo huzunguka bure. Kujaza njiti za kiberiti na gundi ni kujidanganya. Natoboa hadi nifike kwenye mbao safi, kisha naziba kwa kizibo cha mbao ngumu kilichokatwa kukingama nyuzi, si kijiti cha mviringo cha kawaida, maana skrubu inayoingia sambamba na nyuzi haishiki vizuri.

Tundu jipya lina hatua mbili: milimita 3.5 kwa meno, milimita 5.5 kwa shingo. Meno napaka nta ya nyuki. Na vichwa ni vya mfuo mmoja, kwa sababu 1929 skrubu za msalaba zilikuwa bado hazijaingia kwenye magari. Hakuna atakayeziona mlango ukifungwa. Mimi nitajua zimo.

Saa 8. Chakula, haraka.

Saa 9. Kitasa kimelala usiku kucha kwenye mafuta ya taa. Sasa springi inarudi kwa nguvu. Nakifunga kwa skrubu mbili tu, bila kukaza. Ulimi wake naupaka chaki, nafunga mlango taratibu, na alama inabaki pale kipokeo, yaani chuma cha kwenye fremu kinachoupokea ulimi, kinapotakiwa kuwa. Kipokeo kazi yake ni kushika, hakipaswi kuunyanyua mlango hata unywele mmoja. Ukiona mlango unapanda wakati wa kufunga, rudi kwenye bawaba. Hali kadhalika kabari inayozuia mlango kutikisika: iguse kikombe chake, yaani tundu inamoingia, isikipande.

Kishikio ndicho kilichonisumbua. Mhimili wake wa pembe nne unapita kwenye bati kisha kwenye kitasa, na matundu hayo mawili yasipokabiliana kabisa kishikio kinakuwa kizito na springi haikirudishi. Nilisogeza kitasa milimita moja na nusu. Kwa tupa ningeweza kulipanua tundu la bati kwa dakika mbili, lakini bati ni la awali.

Saa 11 jioni. Nafasi ni milimita 5 pande zote. Rangi itaila kidogo. Naufunga kwa vidole viwili, unaingia kwa mlio mmoja mfupi. Kijana anaomba aufunge na yeye.

Kisha tunafungua vyote, kwa kuwa mlango unakwenda kupakwa rangi. Kila skrubu inaingia kwenye mfuko wake, ulioandikwa ilikotoka: bawaba ya juu, nguzo, tundu la pili. Ule mpira wa milimita 3 nimeuacha mahali pake, na bolti zake nimezikaza.