Simu Inapokataa Faili la Auth Wakati wa Kuflashi

Kwa siku mbili nilihangaika na simu yenye chipu ya MediaTek iliyokuwa ikikwama kwenye nembo kila ilipowashwa. Nilipoiunganisha na SP Flash Tool, programu ya kompyuta ya kuflashi, yaani kuiandika upya programu ya simu, kazi ilikatika ndani ya sekunde chache na ujumbe wa STATUS_SEC_AUTH_FILE_NEEDED ukatokea, yaani simu ilidai faili la auth, ambalo huithibitishia kwamba anayetaka kuiandikia ameruhusiwa. Nikaanza kupakua mafaili ya auth moja baada ya jingine, nikitumaini kwamba mojawapo litakubaliwa. Halikukubaliwa hata moja, na sababu yake naona inafaa kuelezwa.

Simu ya namna hiyo, kabla ya kuruhusu chochote kiandikwe kwenye kumbukumbu yake, huendesha msimbo mdogo uliowekwa ndani ya chipu tangu kiwandani, ambao hauwezi kubadilishwa na programu yoyote. Msimbo huo husoma ufunguo wa umma uliomo katika faili la auth, hukokotoa alama yake, kisha huilinganisha na ile ambayo mtengenezaji wa simu aliichoma kwenye fyuzi za chipu, vijisehemu vinavyoandikwa mara moja tu. Zikitofautiana, simu hukataa kuendelea. Ndiyo maana faili la mtengenezaji mwingine halisaidii hata kama chipu ni ileile. Kizuizi hiki huwaudhi mafundi, lakini mimi nakiunga mkono, kwa kuwa humzuia pia mwizi.

Hatimaye nilipata furushi kamili la programu ya simu hiyo, lenye namba ya modeli ileile iliyoandikwa kwenye lebo ya nyuma. Faili lake la auth likapita, ila hitilafu ikahamia kwenye faili la DA, ambalo ndilo huingizwa simuni ili lifanye kazi ya kuandika. Nilikuwa bado nimechagua DA ya kawaida inayokuja na SP Flash Tool, wakati simu ilitaka iliyotiwa saini na mtengenezaji wake. Auth, DA na scatter (faili la ramani ya sehemu za kumbukumbu ya simu) vilipotoka katika furushi moja, kazi iliendelea hadi mwisho.

Faili lililopakuliwa nusu nalo hukataliwa, kwa hiyo linganisha MD5 yake kwanza, yaani alama ya kukagua kama faili ni kamili, iwapo imetolewa. Na hata ukiwa umechoka kiasi gani, kwenye SP Flash Tool chagua Download Only, usiguse Format All, kwa sababu hiyo hufuta sehemu ya NVRAM inayohifadhi IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na simu ikishaipoteza haitashika mtandao hata kama imewaka vizuri.